Wanalala Kwangu, Wanaandikwa Kwake

S.L.P. 61,
Decorah, Iowa.
24 Februari 2019.

Mpendwa Shangazi Verna,

Hujambo huko Fairbanks? Goti lako limepata nafuu? Sisi ni wazima, ila baridi imetukaba na Tucker hajaachwa na kikohozi. Janelle anakushukuru sana kwa samaki wa moshi. Waliisha kabla hajapata pa kuwaficha.

Sasa niwie radhi, maana nimechefukwa na sina wa kumwambia.

Unajua Janelle nilimuoa akiwa na watoto wake wawili, Kaylin na Tucker. Wanakula kwangu, wanalala kwangu, wakiumwa nakesha mimi. Kila mwaka mimi na mama yao tunajaza ritani moja ya kodi, kama mke na mume, na hao wawili tunawaandika kuwa wategemezi wetu, ili serikali iturudishie sehemu ya kodi. Sheria haina neno, mtoto wa kambo ni mtoto. Safari hii tulichelewa kidogo tukisubiri karatasi za mshahara wa Janelle kutoka kiwanda cha maziwa. Tulipofika kwa Bi. Opal, anayetujazia ritani, kompyuta yake ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa.

"Darrin, umelala wewe," akaniambia. "Kuna mwenzio kashawaandika hawa watoto."

Mwenzangu! Ni Rodney, baba yao, aliyeko Wisconsin, ambaye mara ya mwisho kumwona Tucker mtoto alikuwa bado kwenye nepi. Aliwahi Januari, akaiambia serikali kwamba watoto wamekaa kwake mwaka mzima. Siku zao za kuzaliwa hazijui, lakini namba zao za serikali anazo kichwani. Pesa alizorudishiwa kanunulia pikipiki ya theluji, na kwa uso mkavu kamtumia Tucker picha ya pikipiki hiyo. Mfyuu! Mtu hana hata chembe ya haya.

Janelle alimpigia simu tukiwa mezani, spika imewashwa. Kabla hajamaliza salamu, Kaylin akamnyang'anya.

"Baba, eti mimi nakaa kwako. Nalala chumba gani?"

"Aa, binti yangu... si kile cha nyuma."

"Hilo trela unaloishi lina chumba kimoja, baba."

"Ah, usikuze mambo, karatasi tu hizo! Na huyo Darrin wenu analilia nini, kwani nyie damu yake?"

Kaylin akakata simu. Shangazi, mtu yule ananitia kinyaa.

Bi. Opal anasema tupeleke ritani kwa posta, pamoja na barua za shule na za daktari. Serikali itatuuliza sisi na Rodney, na asiye na ushahidi atarudisha alichochukua, na faini juu. Huenda tukangoja hadi kiangazi. Kungoja naweza.

Nisichoweza ni swali la Kaylin. Tulikuwa tunabandika stempu kwenye bahasha, akasema bila kunitazama, "Mwakani natimiza kumi na saba. Bi. Opal anasema hapo serikali itawapunguzia mnachopata kwa ajili yangu. Bado utaniandika?"

Angalia alichomfundisha baba yake! Mtoto anajiuliza ana faida gani kwa mtu. Nilimwambia nitamwandika hata wasiponipa senti, kisha nikatoka kufagia theluji niliyokwisha kuifagia asubuhi.

Niliporudi ndani nilimkuta amesimama mbele ya friji, tulipobandika kadi za Krismasi. Alikuwa anasoma yako. Umeandika, "Kwa Darrin na Janelle." Najua hukuwa na nia mbaya, Shangazi. Ila kadi hiyo ipo pale tangu Desemba, na yeye hufungua friji kila siku.

Krismasi ijayo utuandike wote wanne, tafadhali.

Msalimie sana mzee wako Harlan, na binamu Lyle na mkewe Noreen. Mungu awape kuni za kutosha mpaka barafu ivunjike.

Tunaokupenda, hata tukiwa na hasira,
Darrin, Janelle, Kaylin na Tucker.