Mume wa Bibi na Mashine Isiyojua Utani

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la taa,
Jumapili.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo nyingi, za kujaza kapu. Hali yako huko kwenye baridi? Kikohozi kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Sisi wazima, mimi hasa: nimenenepa, nimekuwa fundi mkuu wa mabango ya taa, na warembo wa mtaa huu wanapata tabu sana. Usicheke, ni kweli tupu.

Kaka yako, yaani baba yangu, yupo, anakoroma vilevile. Ila barua hii ni ya mama yako.

Unajua Bibi ananiita mume wangu tangu natambaa. Nami namwita mke wangu, tunagombana kuhusu sabuni, watu wanavunjika mbavu. Basi juzijuzi akanipigia pasi shati la marehemu Babu, lile la bluu la udereva wa lori. "Vaa upesi, utachelewa." Nikavaa, nikampigia saluti, nikaenda nalo kazini kwa mbwembwe. Jioni akaniuliza, "Breki za lori zimepona?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baba akasema, "Mama ni mtani tangu zamani, mwache." Hata wewe, alipokuita dada kwenye simu, si ulicheka? Ndiyo balaa la nyumba yetu, Shangazi. Kwa wengine ugonjwa hunyatia. Kwetu umevaa utani, ukapita mlango wa mbele, tukaukaribisha kiti.

Nikampeleka hospitali. Daktari wa ubongo, mama mmoja mwembamba, akaninyooshea kalamu, akamwuliza Bibi, "Huyu ni nani?"

"Mume wangu."

Akaandika. Nikaruka: "Futa hiyo, daktari! Huo utani wetu!"

Akanitazama kwa upole. "Una uhakika, kijana?"

Shangazi, mimi huyu, mdomo kama cherehani, nikamwambia aiache kama alivyoandika.

Basi akatueleza kwamba wana kipimo kipya, bado wako kwenye utafiti. Sasa tulia, profesa aliyeiaga shule mapema akufundishe. Ugonjwa wenyewe unaitwa Alzeima. Kuna uchafu unaganda kwenye ubongo miaka mingi kabla mtu hajapotea njia ya chooni. Wanachoma sindano yenye chembe za chuma, ndogo hata hadubini ya shule haizioni, wanaziita nano. Zinasafiri na damu hadi kichwani, zikiukuta ule uchafu zinaung'ang'ania kama kupe. Halafu mashine ya sumaku inapiga picha. Ni kama testa yangu ya kupimia umeme: hubomoi ukuta mzima kutafuta waya mbovu.

Bibi alielezwa yote, akakubali mwenyewe kwa sharti moja: "Huyu mume wangu anyamaze." Wauguzi wakacheka. Ule ulikuwa utani, ningeapa.

Majibu yametoka. Nilidhani nitaona vitaa vinawaka. Wapi! Madoa meusi, kama balbu zilizoungua kwenye bango la duka. Machache, upande mmoja. Daktari anasema ugonjwa ndiyo kwanza unaanza. Hawawezi kuufuta, lakini tumeuona mapema, na mapema ni mali. Bado anaelewa, bado anaweza kusema mwenyewe anataka kuishi vipi na kutunzwa na nani. Nilimwuliza anataka nini kwanza. Akajibu palepale, "Binti yangu." Akakutaja kwa jina lako, Shangazi, si dada.

Tulipotoka akanishika mkono. "Mume wangu, nipeleke nyumbani." Sikujua ni utani au ndiyo yale madoa. Nikasema, "Twende, mke wangu." Tukaenda.

Mimi sina hasara, nitabaki mume tu, akili iwepo isiwepo. Wewe una jina moja kwake. Njoo ulisikie. Usinitumie saa wala viatu safari hii. Panda ndege ulete huo uso wako. Ila viatu ukivikuta njiani, navaa namba arobaini na mbili.

Msalimie mumeo mpishi na wale mapacha watukutu. Baba anakusalimu, amekoroma kidogo kukubali. Mungu akufunike na akufupishie njia.

Wako akupendaye bila kupigiwa pasi,

Mume wa mama yako.