Kidude cha Gesi Kilichonyamaza

Runji, ndugu yangu, mke wangu Igoki ameanguka ndani ya nyumba ya kukaushia tumbaku. Moshi wa jiko. Nimemvuta nje kwa miguu kama gunia.

Na kile kidude kinacholia gesi ya moshi ikizidi kilikuwa kimya. Kimya kabisa!

Unakumbuka Oscar, yule kijana wa chuo aliyetuletea, alivyotuambia: "Kikinyamaza, mzee, ingia. Hewa ni safi." Zamani tulikuwa tukifungua mlango na kungoja moshi utoke. Tukaacha, kwa sababu ya kipande cha silikoni ndani ya kidude, kidogo kama punje ya mtama, eti ndicho kinachonusa gesi.

Leo Oscar amekifungua kidude, anasema kimekufa kwa joto.

"Mzee, ulikitundika karibu sana na jiko."

"Ningekitundika wapi, chooni? Gesi inatoka hapo!"

"Silikoni haivumilii moto wa hivyo."

"Kwani ulidhani tumbaku inakaushwa kwa friji?"

Akakifunga tena, akakitia mfukoni.

Sasa ameleta kingine, eti hiki kinastahimili moto. Nimemwambia akitundike kwa mama yake. Mimi nitafungua mlango na kungoja.

Tumbaku ya msimu mzima imeungua tukimkimbiza Igoki hospitali ya Ishiara. Mimi ananitambua. Lakini binti yetu Rwamba alipomshika mkono, Igoki amemuuliza, "Wewe ni nani?"