Chai ya Ijumaa

Ghorofa ya Pili,
Mlango wa Kushoto.
Ijumaa, 9 Mei.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Goti linaendeleaje? Kwenye barua yako ya mwisho ulilitaja kwa mstari mmoja tu, halafu ukarukia habari za mvua, ukidhani sitaona. Nimeona. Na kifua cha shemeji je, kimetulia? Mapacha wameacha kugombania kitanda cha juu? Sisi huku tupo. Sisemi hatujambo, nasema tupo, na ukisoma mpaka chini utajua kwa nini nimelichagua neno hilo.

Barua hii isome peke yako, mlango umefungwa. Usimsomee shemeji. Usinipigie simu kuniuliza, maana simu ya hapa siku hizi haina siri. Ukijibu, usitume nyumbani wala kazini. Tuma kwa fundi viatu wa hapo chini, atanipa mkononi.

Leo ni Ijumaa, saa nne asubuhi, na niko macho. Wewe utaona ni jambo dogo. Ngoja nikueleze.

Unajua tangu mwezi wa kwanza nimeanzishiwa sindano za baridi yabisi, ile kinga ya mwili wangu iliyochanganyikiwa ikaanza kupigana na viungo vyangu badala ya kupigana na magonjwa. Kila Alhamisi jioni najichoma mwenyewe, wiki hii paja, wiki ijayo tumbo. Mimi niliyeshika sindano miaka ishirini na mbili nikishona migongo ya vitabu vya maktaba, siku ya kwanza ilibidi muuguzi anishike kiwiko. Kuchoma nimeshazoea. Kinachonimaliza ni kesho yake.

Ijumaa naamka sina mwili. Si usingizi ule tunaoujua mimi na wewe. Nakaa ukingoni mwa kitanda, navaa soksi moja, ya pili inanishinda, nabaki nayo mkononi nusu saa. Nimejaribu maji baridi, nimejaribu kahawa nzito, nimejaribu kutembea kutoka mlangoni mpaka dirishani nikihesabu hatua. Nikalala hapo hapo dirishani, nimesimama, paji la uso kwenye kioo. Muuguzi alisema huenda nikahisi uchovu kidogo. Kidogo, Dada.

Sasa sikia habari za shemeji yako Mita. Tangu astaafu kusoma mita za maji nilidhani jina hilo litamtoka, wapi, hata watoto wa ghorofa ya chini wanamwita hivyo. Mwanamume huyu, kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, hakuwahi kujua sukari inakaa kabati gani. Tangu mwezi wa kwanza, kila Ijumaa asubuhi, ananiletea chai kitandani. Na sukari ndani, vijiko viwili, kama ninavyopenda. Sikumwuliza kitu. Nilianza kumchunguza.

Nikinywa chai, nalala. Hilo la kwanza. Halafu anaongea na simu bafuni, bomba amelifungulia lisikike. Yeye, Dada, mtu wa maji, aliyekuwa akinisema nikisuuza kikombe mara mbili. Kuna na kidaftari kwenye mfuko wa shati. Alipokuwa ananyoa ndevu nilikichungulia. Maneno ameyaandika madogo mno, bila miwani sikuyapata, lakini saa niliziona vizuri: Ijumaa 3:10, 6:00, 8:45. Kila Ijumaa. Mtu mstaafu ana miadi gani ya kuandika saa na dakika?

Fundi viatu ndiye aliyenimalizia. Aliniambia, bila hata kumwuliza, kwamba Ijumaa nikiwa nimelala Mita hutoka, na mara mbili amemwona akiingia maktaba kwa mlango wa nyuma. Maktaba yangu. Na maktaba kuna nani? Kuna Mkutubi, yule bosi wangu mwenye viatu vya kugonga sakafu, aliyeninyima ruhusa nikiwa na jino limenivimba shavu zima. Mwanamke huyo huyo, tangu mwezi wa pili, ananipa kila Ijumaa niliyoiomba. Namwambia mgongo, ananiambia pole, pumzika. Jumatatu nikirudi, meza yangu imeguswa. Vitabu vilivyochanika vimepangwa kwa ukubwa, migongo yote upande mmoja, majalada mabovu yameshabanduliwa. Mimi sipangi hivyo. Kuna mtu anakaa kwenye kiti changu.

Nikajumlisha mwenyewe. Wiki tatu zilizopita, Mita alipogeuka kuchukua kijiko, nilibadilisha vikombe. Akanywa changu mpaka chini. Saa nne na nusu alikuwa kwenye kiti, mdomo wazi, anakoroma. Nilimtazama nikasema moyoni, nimekukamata.

Utaniuliza mbona na mimi nililala siku hiyo, wakati nilikunywa kikombe chake. Nililifikiria sana hilo. Jibu ni kwamba si chai peke yake. Nani anakwenda kliniki kila mwezi kuchukua sindano zangu na mfuko wa baridi? Nani anaziweka kwenye friji? Mimi nachoma tu kilichomo, sijui amenibadilishia nini.

Kwa hiyo Alhamisi ya wiki iliyopita niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikaisukuma dawa yote kwenye sinki. Sindano tupu nikaitupa kwenye lile kopo la njano la sindano zilizotumika, aione. Kesho yake nikaamka mzima. Jana nimefanya vile vile, na leo nimefua, nimepiga pasi, nakuandikia. Mita amenitazama mara nne juu ya gazeti lake, na kila mara ameandika kitu kwenye kidaftari. Anajua kwamba najua.

Sasa naomba uniandalie kile chumba chako cha nyuma, hata kama dirisha bado halijawekwa kioo. Nakuja mwisho wa mwezi. Nitabeba nguo zangu na kibanio changu cha vitabu, basi. Usimwambie mtu.

Vidole vimeanza kukaza, hasa hiki cha shahada. Ni huku kuandika kwingi. Nitamalizia kesho.

Jumapili, 18 Mei.

Dada, umeona mwandiko umebadilika. Usishtuke. Kalamu haishikiki mkononi mwangu, kwa hiyo mimi nasema na mwingine anaandika, na anayeandika ni mshukiwa mwenyewe. Ndiyo, ameyasoma yote ya juu. Mimi nilitaka kuichana, yeye akakataa, akasema mita ikishasomwa haifutwi. Alisoma amesimama, akavua miwani akaifuta, akaketi, akaniuliza tunaanzia wapi. Nimemwambia aandike ninavyosema bila kupunguza wala kuremba, na kabla bahasha haijafungwa nitausoma mwenyewe kila mstari. Asidhani.

Ile kesho niliyokuahidi haikufika. Jumapili iliyofuata niliamka vidole vimevimba, havikunjiki. Jumatatu nikaenda kazini hivyo hivyo, kwa ubishi. Kastabini yangu ya kushonea ikakwama kidoleni, na uzi ukanishinda kuuvuta kwenye mgongo wa kitabu cha hesabu cha darasa la nne, kazi ambayo naifanya nikiwa naongea. Aliyeleta sabuni akaitoa kastabini taratibu, amenipigia magoti na sketi yake nzuri, ni Mkutubi. Nililia, Dada. Si kwa maumivu. Niliangalia ile mikono nikaona ndiyo basi, sitashona tena.

Alhamisi Mita akanipeleka kliniki. Sikubisha, maana hata ningetaka kujifungia ndani, komeo lenyewe nisingeweza kulivuta.

Muuguzi aliniangalia mikono, halafu akamgeukia yeye akamwomba daftari. Namna alivyoliomba nikajua hawa wawili wanafahamiana kwa simu. Akasoma kwa sauti. Zilikuwa Ijumaa kumi na nane. Ijumaa 3:10, kalala. 6:00, kageuka, anapumua vizuri. 8:45, kaamka, kanywa maji glasi moja, soksi bado. Soksi ameziandika, Dada. Mtu aliyesoma mita miaka thelathini haiulizi mita inajisikiaje, anatazama, anaandika, anaondoka. Nilikuwa nasomwa na sikujua.

Ijumaa mbili za mwisho alikuwa ameandika: macho siku nzima, ana furaha, sijui kwa nini. Na chini yake: vidole vinene.

Muuguzi akafunga daftari. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, akaniuliza mara ya mwisho kuchoma ni lini. Nilitamani dawati linimeze. Nikasema ukweli wote, sinki na kopo la njano na kila kitu, Mita amekaa pembeni yangu na ule mfuko wa baridi magotini. Aliomba daftari lake, akaandika.

Sasa nieleze ya muuguzi kama alivyoyasema. Uchovu ule ni wa dawa na wa ugonjwa wenyewe, unawapata wengi, na si uvivu. Ule uzima wa Ijumaa mbili ulikuja kwa sababu dawa haikuwepo, na ugonjwa nao ukapata nafasi. Akasema uchovu wa namna ile unaripotiwa, haufichwi. Mimi kila mwezi akiniuliza nilimjibu nzuri tu, nani anataka kuonekana legelege. Ndipo Mita akaanza kumpigia. Bafuni, kwa sababu alijua nikimsikia nitawaka. Nimemwuliza kuhusu lile bomba. Anasema maji yalikuwa yanaingia kwenye ndoo, hayakupotea hata tone.

Chai ilikuwa ya muuguzi pia, aliagiza ninywe vitu kwa wingi baada ya sindano. Na maktaba alikwenda kupatana na Mkutubi: mimi nipumzike Ijumaa, yeye abebe vitabu kutoka stoo na kubandua majalada mabovu. Mkutubi amejua ugonjwa wangu tangu mwezi wa pili, akanyamaza. Viatu vyake bado sivipendi.

Na siku ile aliyokoroma kwenye kiti, ni kwamba alikuwa hajalala. Wiki ya pili ya sindano nilipata homa, na tangu hapo kila Alhamisi hukaa kwenye kile kiti mpaka kunakucha, akisikiliza ninavyopumua. Hapa amesita kuandika. Andika, Mita.

Naona aibu, na nasema wazi ili anayeandika asikie. Ugonjwa huu siwezi kuukamata na kuugombeza. Yeye naweza. Basi nikamtwisha yeye.

Tumepanga upya. Sindano ya Alhamisi hii nilichomewa pale pale kliniki, na juzi nililala mpaka saa tisa, Mita akaandika. Wiki ijayo muuguzi ameihamishia Ijumaa jioni, ili Jumamosi iwe ya kulala na Jumapili ya kurudi duniani, na Jumatatu niende kazini kama mtu. Nile kwanza, maji yawe karibu na kitanda, nijilaze mapema kabla uchovu haujanibwaga. Soksi nimezifuta kwenye ratiba ya siku hiyo kabisa. Mkutubi nitamweleza kesho kwa mdomo wangu mwenyewe. Vidole vinatarajiwa kurudi, polepole. Sijaahidiwa vyote.

Kuhusu chumba cha nyuma, kiache kwanza kama kilivyo. Najua ulitarajia niseme vingine. Lakini kuna kitu kimoja hakijanitoka. Mita hanywi sukari tangu daktari amkataze. Kikombe changu kilikuwa na vijiko viwili. Siku ile nilipobadilisha, alikunywa mpaka chini, hakukunja hata uso. Utaniambia mtu hajui kwamba anakunywa sukari? Nimemwuliza mara mbili, ananijibu ilikuwa chai. Hapo kuna kitu ananificha, na mimi kwenye nyumba yenye kitu kinachofichwa sitakaa. Ameandika hayo bila kuinua kichwa.

Msalimie shemeji, umwambie kifua si cha kuchezea. Mjomba Kipara msalimie ukimpata ameamka vizuri, na mapacha wabusu kila mmoja kwa zamu, wasije wakahesabu. Shangazi mwambie ile shali yake ndiyo najifunika siku za sindano. Mungu akulinde wewe na goti lako, akuweke mahali ambapo nitakukuta.

Ni mimi nikupendaye, na kukuchunguza pia,
Mdogo wako wa mwisho.

Shemeji, salaam. Hapa naongeza mimi, Mita. Yeye amejilaza kidogo. Vikombe nilimwona akivibadilisha, kwenye kioo cha kabati. Nilijua anashuku nini. Nikakinywa chake chote mbele ya macho yake, ili aone hakina kitu, roho yake itulie. Halafu usingizi ukanichukua, nikaharibu. Nimeshindwa kumwambia kwa mdomo. Amesema atasoma kila mstari, basi atalikuta hapa.

Dada, huu ni mkono wangu, uvumilie, herufi moja naiandika dakika nzima. Nimesoma. Hicho chumba mpe mtu mwingine.