Sebule ya Mizani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, umekaa karibu na dirisha, na miwani iko puani, si juu ya kichwa huku ukiitafuta nyumba nzima. Jirani yako mshonaji hajambo? Mpe salamu zangu, na umwambie ile sketi aliyonishonea bado inanienea, hasa siku ambazo sijala. Mimi huku sijambo, kazi inaendelea, ila usingizi umekuwa wa mang'amung'amu kwa sababu utakazozisoma hapa chini. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike. Ukianza kukasirika katikati utachoka bure, maana mbele kuna zaidi.

Najua ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu ungenikatiza, na isitoshe wewe mwenyewe, baada ya miaka thelathini na moja ya kukagua mizani za watu, ulinilea ukiniambia kwamba jambo lisiloandikwa na kutiwa sahihi halijatokea. Basi nimeandika, na sahihi iko chini.

Barua yako niliipata Jumatatu, nimeisoma mara nne. Umeniambia kwamba tangu mwezi wa pili wageni hawakauki mlangoni, kwamba siku moja walifika tisa, na kwamba umenunua daftari gumu la kusainiwa na kila anayeingia. Umeniambia pia kwamba umewatangazia majirani kuwa halmashauri ya jiji hatimaye imezijibu zile barua zako tatu za kuomba mizani zako zitambuliwe kuwa hazina ya mji. Mwisho ukaniagiza, kwa kuwa mimi ni mfanyakazi wa halmashauri hiyohiyo, nimtafute aliyehusika, nimpe mkono kwa niaba yako, na nikupe jina lake umwandikie shukrani. Baba, mhusika nimemjua. Nitamtaja. Ila acha nianzie mwanzo, kwa sababu bila mwanzo utamfikiria vibaya kuliko anavyostahili.

Unakumbuka nilihamishiwa ofisi ya utalii, kwenye programu ya simu, ile inayomwonyesha mgeni pa kulala, pa kutembelea, na basi gani linaenda wapi. Sikukwambia programu yenyewe ilikuwa na tabia gani. Mgeni akiifungua tu, ilimdai jina lake, jina la baba yake, namba ya pasipoti na kazi anayofanya, kabla ya kumwonyesha choo kilipo. Akibonyeza pasipofaa, ilimwandikia kwa herufi nyekundu kwamba amekosea. Amekosea nini, haikusema. Watu walifika mjini na furaha zao, wakaifungua, wakanuna.

Mkuu wetu, mama mchapakazi asiyetaka kusikia kwamba kitu hakiwezekani, akaitisha kikao akasema programu iwe rafiki wa msafiri. Mimi ndiye ninayeandika maneno ya programu hiyo, kwa hiyo urafiki wote ukaniangukia mimi. Nikaondoa herufi nyekundu, nikaweka pole na ombi la kujaribu tena. Mkuu akasema haitoshi. Nikaongeza karibu. Akasema bado. Tukaishia kumkaribisha mgeni kila alipogusa kioo, mpaka bwana mmoja akatulalamikia kwamba alikaribishwa mara kumi na saba akitafuta kituo, na basi likamwacha angali anakaribishwa.

Tukaanza upya. Fundi wetu wa kompyuta, ambaye tunamwita Bwana Taratibu kwa sababu huandika kwa kidole kimoja, akamwomba kila mfanyakazi abuni mahali pa kujaribia, ili aone kama kurasa mpya zinakaa sawa. Watu wakaandika upuuzi. Dereva wa ofisi aliweka Bustani ya Kulala Saa za Kazi. Karani wa masjala aliweka Makumbusho ya Mafaili Yaliyopotea, na akaambatanisha picha ya meza ya Mkuu. Mfanyakazi mmoja, ambaye ndiye mhusika wetu, akaandika Sebule ya Mizani. Akaeleza mizani ya gunia, ya barua, ya dhahabu na ya watoto wachanga, zote arobaini na mbili ndani ya chumba kimoja, pamoja na mwenyeji mcheshi anayempima kila mgeni na mzigo wake. Akaweka picha, mtaa na namba ya nyumba. Naona umeshaanza kukunja uso. Vumilia kidogo.

Siku moja kabla ya programu kutolewa, Bwana Taratibu alipita akifuta vya majaribio. Orodha hakuwa nayo, maana hakuna aliyekumbuka kuitunza. Akatumia akili yake: kilichoonekana cha uongo akakifuta, kilichoonekana cha kweli akakiacha. Alifuta Ngazi Isiyofika Popote, ambayo ipo kabisa nyuma ya ofisi ya ardhi na ilijengwa na jiji lenyewe. Sebule ya Mizani aliisoma mara mbili, ikamgusa moyo, akaipandisha ukurasa wa mbele. Ndivyo wageni walivyoanza kukujia.

Sasa nikueleze jambo usilolijua. Mgeni akitoka mahali huweka nyota, kuanzia moja mpaka tano, na huandika maoni yake. Makumbusho ya jiji, yenye lifti na walinzi wenye sare, yana nyota tatu na nusu. Wewe una nne nukta tisa. Baba, sijui unawapa nini. Yale maelezo ya mwenyeji mcheshi wote wameyakanusha. Mmoja ameandika kwamba hakuona tabasamu hata la bahati mbaya, kwamba alipimwa yeye, likapimwa begi, kisha akaamriwa alifungue na kueleza kwa nini mtu wa safari ya siku tano anatembea na jozi sita za viatu. Nyota tano. Mke na mume wamesema uliyapima mabegi yao, ukambebesha mume lile zito, na kwamba hawajapatana hivyo tangu waoane. Nyota tano. Mwingine analalamika kwamba ulikataa katakata kumpunguzia hata nusu kilo, na anaapa atarudi mwakani kukuonyesha. Yeye ametoa nne, nadhani ile moja ndiyo hiyo nusu kilo.

Mkuu alipoyaona hayo akataka kujua nani aliyegundua kito kile. Mhusika akainama chini ya meza kama mtu aliyeangusha kalamu. Asipojitokeza mtu, Mkuu akaamua kwamba ni yeye mwenyewe, kwa njia ya utafiti wa kina. Utafiti huo ameshaueleza mara mbili mbele ya meya, na mara ya pili ulikuwa wa kina zaidi. Wote tulipiga makofi.

Juma lililopita mambo yakaharibika. Mwanasheria wa jiji alitaka faili la kila mahali palipo kwenye programu: ombi, ukaguzi, sahihi ya mwenye nyumba. Faili lako halikuonekana kwa kuwa halijawahi kuwepo. Mimi nikaingia masjala kutafuta zile barua zako tatu, nikidhani zitakuokoa. Siku ya pili nilizipata. Zimefungwa pamoja kwa kamba, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nisamehe, Baba. Nimefikiria sana kama nikufiche hilo, lakini wewe hujawahi kunidanganya hata kwa gramu moja. Mwanasheria amesema Ijumaa ijayo saa sita mchana Sebule ya Mizani itafutwa, isipokuwa mwenye nyumba akitia sahihi fomu ya ridhaa, tena baada ya kuelezwa ukweli wote wa jinsi alivyoingizwa.

Ukweli wenyewe ni huu. Jiji halikukujibu. Hakuna ofisa aliyekaa akakutambua. Uliingia kwa makosa, kwa ajili ya kujaribu kama maandishi yanakaa sawa kwenye kioo, na aliyekuandika bila ruhusa yako, akaitoa anwani yako kwa walimwengu, kisha akanyamaza miezi mitatu huku wewe ukiwatangazia majirani, ni mimi bintiyo. Jana nilikwenda kwa Mkuu nikamwambia. Akauliza kama hata huo hatuwezi kuuita utafiti. Nimepewa onyo la maandishi, nimelitia sahihi, na kazi bado ninayo.

Najua aibu niliyokuletea. Najua utakutana na mshonaji kesho asubuhi naye atakuuliza habari za meya. Ukitaka nije nipite mlango kwa mlango kuwaeleza majirani kwamba aliyeongopa ni mimi, nitapita, na nitaanzia kwake ingawa naujua mdomo wake. Na usipotaka kutia sahihi, nitaifuta sebule hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, wala sitakulaumu.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo linaloninyima usingizi. Siku ile tuliambiwa tubuni mahali popote. Wenzangu walicheka wakaandika. Mimi nilikaa na kioo kitupu mbele yangu, na mahali pekee palipokuja akilini ni nyumbani. Ule ucheshi nao sikuubuni. Mama alipokuwepo ulikuwa ukicheka, Baba, ulikuwa ukicheka mpaka sindano za mizani zinatikisika. Tangu tumzike nimekuja mara mbili. Basi la kuja kwako huchukua dakika arobaini, najua vizuri, kwa sababu ratiba yake nimeiandika mimi.

Kila asubuhi kabla ya kazi huwa nayasoma maoni ya wageni wako. Humo ndimo nilimojua kwamba mguu wa kushoto unakusumbua, na kwamba umehamishia kitanda chumba cha karibu na sebule. Hali ya baba yangu mzazi nimekuwa nikiipata kwa watalii. Mwezi uliopita mama mmoja msafiri aliandika kwamba mzee alimwonyesha mizani ya watoto wachanga, na uzito wa binti yake ulioandikwa kwa penseli pembeni, wiki baada ya wiki. Akamuuliza binti yuko wapi siku hizi. Mzee akamjibu kwamba yuko mjini humuhumu, ana kazi kubwa sana ya kuwasaidia wageni wasipotee. Nilisoma hayo mezani kwangu, nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kurekebisha ukurasa wa mabasi.

Hiyo fomu sitaiweka kwenye bahasha hii. Nitaileta mwenyewe. Nilitaka kuja Jumamosi, lakini programu sasa huwagawia wageni wako saa, wasije wakakujazia nyumba, na sikuona haki ya kumruka mtu aliyetoka mbali. Kwa hiyo nimeomba nafasi kama mgeni yeyote. Nimepata Alhamisi saa nane mchana, siku moja kabla ya muda wa mwanasheria kwisha. Mwishoni programu ikaniuliza, kama inavyomuuliza kila anayefika mjini, sababu ya ziara yangu, ikanipa majibu matatu nichague: mapumziko, biashara, masomo. Hakuna lililonifaa, na yote matatu niliyaandika mimi, nikidhani nimemaliza sababu zote zinazomtoa mtu kwake. Nikaongeza la nne, kumwona mzazi, nikalichagua. Bwana Taratibu akasahau kulifuta, likabaki kwa wageni wote. Leo asubuhi ameniambia kwamba watu kumi na wanne wameshalibonyeza, na ukiniondoa mimi, hakuna hata mmoja anayekuja kwako.

Nisalimie mshonaji, wazee wa mtaani, na kila mgeni atakayenitangulia mlangoni. Usipande ngazi na huo mguu. Mungu akulinde mpaka Alhamisi, na baada ya hapo tutasaidiana.

Ni mimi bintiyo, niliyekukosea na ninayekupenda,

Mwanao wa pekee