Wajukuu Wote Wakae Mkekani

Jumapili, 2 Juni 1996

Tumsifu Yesu Kristo, daftari. Hujambo? U mzima? Mimi mzima, ni mgongo tu kwa kuvuna mahindi, na baridi ya mlima wa Matogoro imeshaanza kuuma. Sijui daftari huamkiwaje, lakini kuanza maneno bila salamu siwezi, nitajiona mhuni.

Nimekununua kwa sababu nina la kusema na siwezi kulisema kwa kila mtu. Wataona najidai. Na kweli najidai! Mgeni amefika. Mzungu. Wa kukaa, si wa kupita! Mpaka mwezi wa kumi na moja. Ni mpango wa kubadilishana: kijana mmoja wa parokia yetu amekwenda kusoma kwao Ujerumani, na wao wametuletea huyu. Anaitwa Anke. Ana miaka kumi na saba, kamzidi Careen wangu mmoja tu.

Familia nyingi zilimwomba. Hata wenye umeme. Bwana Amedeus, mratibu wa mpango, akasema anataka nyumba yenye binti wa rika lake na yenye sala. Ikawa sisi. Sisi! Mume wangu Kajetani, tangu apunguzwe kazini, sijamwona akinyanyua shingo vile. Jana kavaa koti la harusi yetu kumpokea. Halifungi tena, lakini kavaa.

Mtoto kashuka garini, kapiga goti mbele ya mama mkwe: "Shikamoo bibi." Sijui nani kamfundisha. Mama mkwe kaitika, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kingoni, huyu amewakosea nini wazazi wake mpaka wakamtupa mbali hivi?

Jumatano, 5 Juni

Leo nimechinja kuku. Bakuli likaanzia kwa mgeni, ndiyo adabu. Kachungulia, kachagua — firigisi! Firigisi ya Kajetani! Ndani ya nyumba hii hakuna mwanamke aliyewahi kuitia mdomoni. Careen akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikatazama sakafu. Anke anatafuna tu, anasema tamu, mama, tamu sana.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Kacheka mpaka machozi. Akasema yeye kazaa wanaume wanne, kawapikia miaka yote, na hajui firigisi ina ladha gani. Afadhali sasa yuko mwenzetu wa kutusimulia. Kajetani naye akacheka. Sikutegemea.

Mama Otto, jirani, kaja kuomba chumvi. Chumvi gani! Kaja kuchungulia. "Mzungu wako chooni anafanyaje? Anaweza kuchuchumaa?" Nikamwambia anachuchumaa vizuri kuliko wewe. Mungu anisamehe, nimejisikia vizuri.

Jumapili, 9 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Maandamano marefu, vumbi, maua. Nilimshonea Anke gauni la kitenge kile kile cha kwaya yetu. Kaimba Kiswahili chake cha kukokota, lakini hakuacha hata ubeti. Watu badala ya kutazama Sakramenti wanatutazama sisi! Nilitubu hapo hapo. Nikaendelea kutembea kifua mbele.

Jumamosi, 15 Juni

Sokoni leo, kwenye mitumba, Anke kakuta fulana imeandikwa jina la mji wao. La mji wao hasa! Kacheka, halafu kalia. Muuza mitumba, Abasi, akampunguzia bei. Akasema nguo imepata ndugu yake.

Lakini ninalotaka kuandika ni hili. Kila jioni Anke anakaa na mama mkwe wanapukuchua mahindi. Yule anasema Kingoni, huyu anajibu Kijerumani. Hawaelewani hata neno, na hawanyamazi! Leo nimewakuta wanagombana. Mama mkwe anamwonyesha namna ya kuanzia gunzi, mtoto anabisha, ana namna yake. Mwisho bibi kampiga kofi dogo la mkononi, kama anavyompiga Careen. Anke akamrudishia! Nikashtuka. Bibi akacheka, akamvuta kichwa, akakiweka pajani, akaanza kumsuka. Nywele hazishiki. Kila akimaliza msuko mmoja, wa kwanza umeshafumuka. Akarudia. Akarudia.

Careen kanuna kidogo. Kaniambia, "Mama, bibi hanisuki tena mimi." Nikamwambia wewe una mama wa kukusuka, mwenzako wa kwake yuko mbali. Baadaye nikamwona kaenda kuwafundisha namna ya kufunga kwa uzi.

Alhamisi, 20 Juni

Mama mkwe kifua. Anakohoa, hali chakula. Daktari kampa dawa, kasema umri nao ni ugonjwa. Ukungu haujaondoka mlimani siku tatu. Anke kamvisha soksi zake za sufu, kamlaza ndani ya ule mfuko wake wa kulalia wenye zipu. Bibi kaniuliza kwa sauti ndogo kama ndivyo Wazungu wanavyozikwa. Hata akiumwa ana mzaha.

Jumanne, 25 Juni

Mama mkwe ametutoka alfajiri. Padri aliwahi. Anke alikuwa ameushika mguu wake.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 30 Juni

Tumemzika Jumatano, marehemu apumzike kwa amani. Watu walijaa. Nashukuru.

Sasa niandike la jana, maana kichwa changu chenyewe bado kinawasha.

Jana ilikuwa kunyoa. Kwa ukoo wa mume wangu, wakishazika, watoto na wajukuu wa marehemu wananyolewa, nasi wakamwana pia. Anayenyoa ni shangazi mkubwa, dada yake Kajetani, wifi yangu Oliva. Mwanamke wa sauti. Akatandika mkeka uani, beseni la maji, wembe mpya. Wakanyolewa wana. Nikanyolewa mimi. Kisha akaita: "Wajukuu wote wakae mkekani! Wote, nisije nikamfuata mtu jikoni!"

Wakakaa. Wa kwanza, wa pili. Careen. Nyuma ya Careen — Anke. Kafungua kitambaa cha kichwa, kakikunja vizuri, kakiweka magotini. Kainamisha kichwa.

Wifi kashika wembe hewani. Hakumtazama mtoto, kanitazama mimi. "Wifi, na huyu?"

Nikamtazama Kajetani. Kajetani anatazama viatu. Hakuna wa kunisaidia! Nikisema hapana, nimemwambia mbele ya ukoo mzima kwamba wewe si wetu, ulikuwa unacheza tu na bibi wa watu. Nikisema ndiyo — huyu ana mama yake. Mama ambaye hajaulizwa, yuko huko kwao, anajua binti yake ana nywele.

Mtoto hakugeuka. Shingo tu, nyeupe, imeinama inangoja.

Nikasema, "Umeita wajukuu wote. Mnyoe."

Zikaanguka nyuzinyuzi, kama ndevu za mahindi mabichi. Wifi akaanza kulalamika, nywele gani hizi zinakimbia wembe! Hapo Nassoro, mfanyabiashara wa korosho wa Tunduru, mtani wetu, ndipo alipopata nafasi. "Wangoni mmekwisha! Mmepungukiwa wajukuu mpaka mnaazima Ulaya!" Wifi kamjibu bila kuinua kichwa: "Sisi tunaletewa wenyewe. Nyie Wayao hata mkiazima nani atawapa?" Uwanja wote kicheko. Hata Kajetani, na machozi yake.

Na mimi je? Nilijivuna, daftari. Nimefiwa na mama mkwe aliyenipenda, kichwa changu kama kibuyu, na nilijivuna. Sijui kama ni dhambi.

Jumatatu, 1 Julai

Bwana Amedeus alikuwa safarini Mbesa. Karudi, kaja kutoa pole. Kashuka garini na uso wa pole. Kamwona Anke anateka maji. Pole ikaisha.

"Mama Careen! Mmefanya nini! Mtoto wa watu!"

Nikamweleza. Anasema mila anazijua, yeye mwenyewe kanyolewa kwa baba yake. Lakini mpango una masharti: mwili wa mtoto wa watu hauguswi mpaka wazazi waulizwe. Hata sikio kulitoboa, hapana. Atawaandikia nini? Kwamba tuliwaahidi kumtunza, na mwezi haujaisha tumemwondoa nywele?

Ana haki. Masharti alitusomea yeye mwenyewe hapa sebuleni, nami nikatikisa kichwa kukubali. Ila nani aliyekuwa na nafasi ya kuuliza Ujerumani huku wembe uko hewani?

Anke kaingilia kati, Kiswahili chake chote kakitoa. Kasema hakulazimishwa na mtu. Kasema bibi alikuwa bibi yake. Bwana Amedeus kamjibu kwa upole kwamba anamwamini, lakini hajatimiza kumi na nane, mwenye kusema ni mama yake. Atapeleka faksi leo. Mama akikasirika, Anke atahamia kwa mfanyabiashara mmoja pale Msamala. Maji ndani, televisheni, kila kitu.

Alipoondoka, Mama Otto akawa ameshafika uani. Chumvi tena.

Jumatano, 3 Julai

Jibu bado. Nimesali rozari nzima nikiwaza yule mama. Simjui. Nina picha yake tu, Anke kaibandika ukutani: mwanamke mwembamba, amevaa miwani, amekumbatia mbwa. Najaribu kuwaza mimi ningekuwa yeye. Nipokee karatasi: binti yako amenyolewa upara na watu usiowajua. Ningepanda ndege kesho yake! Ningekuja na fimbo!

Halafu nasikia bombani watoto wanawaimbia Careen na Anke, vipara viwili, vipara viwili. Nao wasichana wanawakimbiza na maji. Careen kambana mmoja, anamwambia, "Mtanie mimi, dada yangu muache ana msiba." Dada yangu. Yule yule aliyekuwa akinuna!

Kajetani jioni kasema maneno machache. Kwamba mtoto akiondolewa, watu watasema tulimnyanyasa, na yeye kanisani atakaa benchi la nyuma. Nikamuuliza, ungetaka nimkatalie pale? Kasema, hapana. Ningekuona si mke wangu.

Ijumaa, 5 Julai

Naandikia chumbani, mlango nimeurudishia. Sebuleni yupo Bwana Amedeus.

Kafika asubuhi na gari. Jibu la mama halijaja, lakini wakubwa wake wamempigia simu: mtoto ahamishwe leo Msamala, angoje huko. Karibu alie mwenyewe, namhurumia. Kamwambia Anke afunge mizigo. Anke kamwitikia kwa adabu, kaenda jikoni, kashika mwiko. Mizigo hajagusa.

Nikasema sawa, Bwana Amedeus. Amri ni amri. Ila humu ndani kuna msiba bado, na wewe ni Mngoni mwenzetu. Utatoka kwenye nyumba ya msiba hujala?

Akatazama saa. Akanitazama. Anajua hawezi. "Haya mama. Kidogo tu."

"Kidogo tu," nikamwambia. Nikaenda nikabandika maharage. Makavu. Yale ya mwaka jana, magumu kama kokoto, na wala sikuyaloweka.

Kajetani kapita jikoni, kafunua chungu, kafunika. Kaenda kukaa na mgeni, nasikia anamweleza bei ya mbolea tangu ruzuku iondolewe. Hayo ni maneno ya siku nzima! Careen anatoa ukuni mmoja mekoni kila nikigeuka, anadhani simwoni.

Sasa Bwana Amedeus katuma dereva arudi mjini, akaangalie kama faksi imeingia, maana chakula naona kinachelewa, anasema. Kaniangalia aliposema hivyo. Nadhani amekwisha kuelewa. Kaomba chai nyingine.

Anke yuko mekoni, anapuliza moto. Kaja kunichungulia mlangoni hapa, kaniuliza, "Mama, chumvi sasa?" Nikamwambia bado, mwanangu. Chumvi ukiiweka mapema hayaivi. Kafikiri kidogo. Kaenda kaiweka.

Mama Anke. Hutasoma hapa, na Kijerumani sikijui. Lakini mimi na wewe ni mama. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mwanao mzima. Anakula, anasali, anacheka, anabishana na wakubwa. Nywele zimeanza kuchipua, nimezigusa asubuhi. Sikukuuliza, nisamehe. Alikaa mkekani mwenyewe, akainamisha kichwa, nami sikuweza kumwinua. Umemlea vizuri kiasi kwamba alijua mahali pa kukaa. Kama unataka kunigombeza, nigombeze, nastahili. Ila usimwondoe.

Nasikia gari linapanda mlima. Mama mwenzangu, tafadhali jibu upesi. Maharage yameanza kulainika.