Uliliosha Vizuri, Yalikuwa Maji

Nyumba Na. 14, ghorofa ya chini,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kengele,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, shemeji yangu na wanangu. Hamjambo? Kifua chako kimeizoea baridi? Mimi mzima, ila macho tu. Ukikodolea vyuma vya saa tangu asubuhi, jioni hata sura yako kwenye kioo unaiona ya mtu mwingine.

Tangu uondoke, nyumba imepoa. Nawasha redio asubuhi wala siisikilizi, nataka tu pawe na mtu anayeongea wakati navaa viatu.

Mwezi wa kumi na mbili niliamua kutengeneza bia tena, kama tulivyokuwa tukifanya kila Jumamosi kule nyumba ya zamani. Shayiri ile ile, hamira ile ile, pipa letu lile lile la plastiki. Ikachacha. Nikarudia, ikachacha tena, kali ya kukunja uso. Nikaimwaga yote, nikasema basi, vyombo navigawa.

Nilikuwa uani naviosha, maana humpi mtu vyombo vichafu, alipopita dobi mstaafu anayekaa juu yangu. Mpaka siku hiyo tulikuwa watu wa "habari za asubuhi" tu, kila mtu na hamsini zake. Akasimama.

"Fundi, mbona sabuni haitoi povu?"

"Sabuni zenyewe siku hizi feki, mzee."

"Usiisingizie sabuni. Maji ya hapa ni ya kisima, magumu hayo. Yamenisumbua na mashuka ya watu miaka thelathini."

Akakwaruza ndani ya pipa kwa ukucha, akanionyesha unga mweupe. Mimi siku zote nilidhani ni plastiki imechakaa! Kumbe ni ukoko wa chokaa ya maji, na chini yake masalia ya bia yamejificha yanaoza. Kila nikiosha, naongeza ukoko mwingine juu.

Akaniambia nitumie siki nyeupe na maji ya vuguvugu, niache saa nzima. Mpira wa kuhamishia bia niliujaza siki, nikaziba ncha zote mbili. Koki ya pipa niliifungua kwa bisibisi zangu za saa. Ndani mlikuwa na ganda nene kama la yai. Nilisugua kwa sponji laini, kwa sababu waya wa sufuria unachuna plastiki na uchafu unapata pa kulala. Nikasuuza kwa maji ya mvua mpaka harufu ya siki ikaisha, ndipo nikatia dawa ya kuua vijidudu.

Nikiwa nimeishika ile koki, moyo ulinisuta. Bia ya kwanza tuliyotengeneza hapa ilipochacha, wiki moja kabla hujasafiri, nilikuambia mbele ya mkeo kwamba u mvivu, kwamba hujawahi kuosha kitu kikatakata. Ukafunga begi ukaenda. Barua zako mbili zimekuja fupi, kama za karani wa ofisi, na nilijua kwa nini.

Uliliosha lile pipa, mdogo wangu. Uliliosha vizuri kabisa, yalikuwa maji. Nisamehe.

Vyombo sikuvigawa tena; nikatengeneza bia nyingine, na Alhamisi nikaifungua. Imetulia, haina hata chembe ya uchachu. Nikamwita dobi, kumbe mwenzangu hanywi. Akaja hivyo hivyo na chupa yake ya chai. Akaniuliza utaalamu huu nilifundishwa na nani, nikamwambia ni mdogo wangu. Basi nikakuzungumzia wewe tu mpaka chai yake ikapoa. Alipopanda kwake nilisikia ndara zake juu ya dari, huku na huku, nikakaa nazisikiliza mpaka alipolala.

Nisalimie shemeji sana, na mkwe wako aliyewapokea. Wale wanangu wawili waambie baba yao mkubwa anawabusu. Mola awakinge nyote na ubaya.

Niandikie. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kurasa tatu, nne, nitazisoma zote.

Ndimi kaka yako, mwenye kukupenda hata pale mdomo ulipokosea,

Fundi Saa