Vitanda vya Ukuta wa Dirishani

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunasukuma siku. Baba miguu inamsumbua, na akisikia geti likilia bado huuliza kama ni wewe.

Sikuandikii kukulaumu kwa kutokuja. Najua kwa nini huji. Tangu tumzike mama umeibeba ile kauli ya daktari, kwamba angewahishwa angepona, na wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia asubiri kidogo, labda kifua kitaachia. Tafadhali kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Kazi yangu hapa hospitali unaijua: kutoa takwimu kwenye kompyuta na kuwapelekea wakubwa. Zamani ripoti ilikuwa moja, ya hospitali nzima, nene kama godoro, na wakuu wa idara waliisaini bila kuifungua. Aliyechoka nayo ni muuguzi mkuu, tunayemwita Mama Funguo kwa jinsi kiuno chake kinavyolia akitembea. Aliniambia, "Mwanangu, unanibwagia gunia zima wakati nataka punje. Nipe ungo nipepete mwenyewe." Basi nikaunganisha lahajedwali, lile jedwali la kompyuta, na kumbukumbu za wagonjwa wote, juu yake nikaweka visanduku vya kuchagulia: wodi, zamu, kitanda, hali ya mgonjwa alipofika, na kama alipona au alifariki. Ukigusa unachotaka, mengine yanajificha.

Siku ya kumwonyesha, alikalia kiti changu. Akachagua wodi ya kifua, akachagua waliofariki, kisha kwa udadisi tu akaanza kugusa kitanda kimoja kimoja. Vitanda vya ukuta wa mlangoni havikuleta karibu mstari wowote. Vya ukuta wa dirishani, mistari ikamiminika. Ripoti haina majina, kaka. Ina umri, jinsia na tarehe. Lakini mstari mmoja niliutambua kabla sijaumaliza. Mama alikuwa pale katikati ya wageni, bila jina, kama ananitazama. Nikaufunika mstari ule kwa kiganja.

Mama Funguo aliniuliza nina nini. Nilichoweza ni kumwomba achague waliofika na hali mbaya kama ile, ila wakalazwa ukuta wa mlangoni. Wengi walirudi makwao. Wamo waliochelewa kuliko mama, na walitoka kwa miguu yao.

Kwa kuwa kila ukuta una bomba lake la hewa, mchana uleule tulishuka wodini na fundi wa mabomba. Alibomoa kipande cha ukuta, akachungulia, akavua kofia. Akasema bomba la oksijeni la upande ule lilipondwa wakati wa ukarabati. Vitanda vikijaa, hewa haifiki.

Tangu hapo sina raha. Hata nikifungua takwimu za wodi ya wazazi, naogopa mstari ule utajitokeza. Nazisikia pumzi za mwisho za mama, zile tulizodhani ni ugonjwa tu.

Vitanda vile sasa vimefungwa. Lakini mkurugenzi aliniita, akanitaka kwa upole nikiondoe kisanduku cha kitanda, eti kinazua maneno. Niliitikia kwa adabu, nikatoka, na sikukigusa. Mama Funguo naye amelifikisha jambo kwa bodi, na bodi imeziita familia za wote waliofia ukuta ule. Mimi ni mwajiriwa wao, nitazibwa mdomo. Baba hawezi kusimama. Anatakiwa mtoto mwingine wa mama.

Hukumuua mama, kaka. Ulimleta akiwa wa kupona, akalazwa pasipo na hewa. Sijui kama hili litakupunguzia uchungu au litakuongezea. Mimi limenifanyia yote mawili.

Nimemsomea baba barua hii kabla ya kuifunga. Akasema nimeandika mengi mno, kwamba yeye angekuandikia neno moja tu: njoo.

Mpe wifi mkono wangu, na watoto uwabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba